Paska ya Kiukreni: mwongozo kamili kwa aliyekwisha kuiharibu mara mbili

Kila Kwaresima ikielekea ukingoni naletewa picha zilezile za paska, mkate mtamu wa Pasaka wa Waukraine. Paska iliyopasuka ubavuni kama tikiti lililoangushwa. Paska iliyoingia kiuno. Paska yenye sura njema kabisa, lakini ukiikata, katikati kuna unga mbichi unaong'aa. Na chini ya kila picha swali ni lile lile: "Nimefuata vipimo vyote, nimekosea wapi?"

Vipimo mara nyingi havina kosa. Ukimhoji aliyeoka, yanatoka mambo mawili. Kwanza, donge lilimnata mikononi, akaongeza unga, kisha akaongeza tena. Pili, alitazama saa, hakutazama donge. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hao, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa nasoma Kharkiv, mji wa Ukraine, bibi mwenye nyumba wetu aliipokea paska yangu ya kwanza, akaipima uzito mkononi, akaiweka chini ya mlango usijifunge kwa upepo. Ilikaa pale wiki nzima.

Tuelewane kuhusu jina kabla ya kuanza. Magharibi ya Ukraine, upande wa Halychyna, paska ni mkate mpana wa mviringo uliopambwa kwa misokoto na msalaba wa unga, na ule mrefu mtamu wengi huuita baba au babka. Kati na mashariki ya nchi, paska ndiyo hiyo ndefu, yenye kofia ya sukari nyeupe na vipambo vya rangi. Hapa tunaoka hiyo ndefu.

## Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa paska 4 za ukubwa wa kopo la maziwa ya unga la gramu 400.

Hamira ya kuanzia:
- maziwa mililita 200
- hamira kavu gramu 10
- sukari kijiko 1 cha chakula
- unga wa ngano gramu 120

Donge lenyewe:
- unga wa ngano gramu 430
- viini vya mayai 5 na yai zima 1 (vyote pamoja viwe karibu gramu 140)
- sukari gramu 150
- siagi gramu 120, iliyolainika kwa joto la jikoni tu, isiyeyushwe
- chumvi kijiko 1 cha chai
- vanila kijiko 1 cha chai
- ganda la chungwa au limau 1 lililokwaruzwa, ile sehemu ya rangi tu
- zabibu kavu gramu 120

Kofia ya sukari:
- sukari ya unga gramu 200
- ute mweupe wa yai 1, au maji ya limau vijiko 2 hadi 3 vya chakula
- vipambo vya rangi

Unga uwe wa kawaida wa mikate na maandazi, si ule uliokwisha kutiwa baking powder. Tazama ubavuni mwa pakiti: protini ikiwa gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100, utafaa. Unga wa keki hauna nguvu ya kubeba siagi na mayai yote haya.

Kuhusu mayai, yapime kwa mizani. Ya kienyeji ni madogo, na viini vitano vyake havifikii viini vitano vya mayai ya kisasa. Uzuri wake ni rangi. Kama ulio nayo ni ya kisasa yenye viini vilivyopauka, tia manjano kidogo sana, kiasi cha ncha ya kisu, au nyuzi chache za zafarani zilizolowekwa kwenye maziwa ya moto. Si udanganyifu, Waukraine wenyewe hutia.

Majarini ya kupaka mkate naikataa. Donge litaumuka, lakini ladha itakuwa ya majarini, na hakuna vanila itakayoificha.

## Vyombo

Mizani ya jikoni. Hiyo ya kwanza, na kama huna, azima. Kikombe cha unga uliochotwa kwa kushindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa vinaweza kupishana gramu 30 na zaidi, na tofauti hiyo peke yake inatosha kugeuza paska kuwa tofali.

Kisha bakuli kubwa, mwiko, kikwangulio cha plastiki, karatasi ya kuokea, vijiti virefu vya mishikaki, na mataulo mawili safi.

Makopo: wanawake wengi wa enzi ya Kisovieti waliokea kwenye makopo ya chakula, na bado inawezekana. Chagua kopo lenye kuta zilizonyooka na bati tupu ndani. Likiwa na utando mweupe wa plastiki kwa ndani, liache, kwa sababu utando huo haukutengenezwa kwa ajili ya oveni. Sufuria ndogo ndefu isiyo na mpini wa plastiki inafaa vilevile. Kopo likiwa kubwa zaidi, sawa, ila muda wa kuoka utaongezeka.

Pangusa ndani kwa siagi, kata duara la karatasi kwa chini, na ukanda wa kuzunguka ukuta unaopita ukingo wa kopo kwa vidole viwili. Ukanda huo ndio utakaoushukuru wakati wa kuitoa paska.

## Hatua ya 1: Hamira ya kuanzia

Waukraine huiita *opara*. Pasha maziwa yawe vuguvugu, ukitia kidole usione baridi wala moto. Kwa kipimajoto ni nyuzi 35 hadi 38. Yakikuchoma kidole, yanaua hamira, subiri yapoe.

Tia sukari kijiko kimoja, hamira, na unga gramu 120. Koroga upate uji mzito usio na mabonge. Funika, weka mahali pa joto.

Kwa nini tusichanganye vyote kwa mpigo kama tunavyofanya maandazi? Kwa sababu sukari nyingi huvuta maji, na hamira bila maji haifanyi kazi. Siagi nayo huizunguka. Hamira iliyotupwa moja kwa moja kwenye sukari gramu 150 na siagi gramu 120 inaamka kwa shida. Tunaipa kwanza chakula chepesi, ipate nguvu, ndipo tuibebeshe mzigo.

Utajua iko tayari: baada ya dakika 30 hadi 45 imepanda mara mbili, juu ina matundu kama mkate wa kumimina unapoanza kuiva, na katikati imeanza kubonyea kidogo. Huo ubonyeo ndio ishara. Ikiwa imepita saa nzima na umebaki uji uliolala, hamira yako imekufa. Tupa uanze upya sasa, umepoteza maziwa tu. Ukiendelea utapoteza siagi na mayai.

## Hatua ya 2: Piga viini na sukari

Piga viini, yai zima, sukari, chumvi na vanila mpaka mchanganyiko upauke na sukari iwe karibu kuyeyuka yote. Dakika 4 kwa mashine, kama 8 kwa mkono. Tia ganda la chungwa.

Mayai yawe yametoka kwenye friji saa nzima kabla. Ya baridi yataipoza hamira uliyoitunza.

## Hatua ya 3: Changanya, kisha uliache

Mimina mayai kwenye hamira ya kuanzia, koroga. Tia unga gramu 430 kwa mafungu matatu. Ukisha kuona hakuna unga mkavu, simama. Funika bakuli kwa dakika 20.

Siagi bado. Katika dakika hizo 20 unga unakunywa maji wenyewe, na nyuzi zitakazoshika hewa zinaanza kujisuka bila wewe kutoa jasho. Siagi ikitangulia, inazipaka mafuta nyuzi hizo zisishikane.

## Hatua ya 4: Kukanda (hapa ndipo paska nyingi hufia)

Kanda dakika 10 bila siagi. Ndipo uanze kutia siagi, kipande cha ukubwa wa kijiko cha chai kwa wakati, na usitie kingine mpaka cha kwanza kimepotea.

Sasa sikiliza. Kipande cha tatu au cha nne kikiingia, donge litavurugika. Litakuwa kama limekatika, lenye utelezi, limekushika mpaka kwenye vifundo vya vidole, na jikoni kutakuwa na sauti ya kunyonyoka kila ukivuta mkono. Kila kitu ndani yako kitakwambia ongeza unga. Usiongeze. Ficha pakiti ukihitaji.

Tumia kikwangulio. Kusanya donge, linyanyue kwa vidole, lipige kwenye meza, likunje juu ya lenyewe, geuza, rudia. Usilisukumie kwa kiganja kama chapati. Ni laini mno kwa hilo. Piga, kunja, geuza. Ukichoka, liache dakika 5 ulifunike, halitadhurika. Kwa mkono itachukua dakika 15 hadi 20 baada ya siagi. Kwa mashine ya mwendo wa kati, 10 hadi 12.

Kuna dakika ambayo hali hubadilika. Donge linaanza kuachana na meza lenyewe, linang'aa, na ukiligusa kwa kidole kilichopakwa mafuta linatoka safi. Kata kipande cha ukubwa wa ndimu, kinyooshe polepole kwa vidole vya mikono miwili. Kikinyooka mpaka uone mwanga upande wa pili bila kukatika, umemaliza. Kikichanika, endelea dakika 3 ujaribu tena.

Bado linanata kiasi? Linatakiwa linate. Donge la paska si la chapati. Likiwa halinati hata kidogo, umeongeza unga, na utaletewa mkate mkavu siku ya pili.

Onyo kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar: kukanda kwenyewe kunaleta joto, na jikoni ya pwani tayari ina nyuzi 30. Ukiona donge limeanza kutoa jasho la mafuta, siagi inayeyuka. Tia bakuli lote kwenye friji dakika 15, kisha endelea.

## Hatua ya 5: Kuumuka mara ya kwanza

Paka bakuli mafuta kidogo, weka donge, funika. Lisubiri mpaka liwe mara mbili.

Sitakupa muda na kukuachia hapo. Pwani inaweza kuwa saa moja na robo. Nairobi au Iringa siku ya mvua, saa mbili na nusu. Weka alama: bandika kipande cha utepe nje ya bakuli panapolingana na urefu wa donge, na kingine panapolingana na mara mbili yake. Ndiyo saa yako.

Kwenye baridi, liweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto. Usiwashe oveni "kidogo tu". Siagi huanza kulegea na kutoka ikipita nyuzi 32, na donge lililotoka mafuta halirudi.

Bibi wa Kharkiv alipofika hatua hii alikataza mlango kubamizwa, na mtu kupaza sauti. Ni mila inayojulikana katika nyumba nyingi za Ukraine: paska inataka utulivu, ikishtuka inalala. Kelele sidhani kama zina madhara kwa unga. Upepo wa baridi wa mlango uliofunguliwa mwezi wa nne kule unayo, kwa hiyo katazo lake halikuwa la bure.

## Hatua ya 6: Zabibu

Ziwe zimelowekwa mapema kwenye maji ya moto dakika 15 (wengi kule hutumia konyaki, aina ya pombe kali; juisi ya chungwa inafaa), zimechujwa, na zimekaushwa kwa taulo mpaka zisiache alama ya maji. Zigaragaze kwenye kijiko kimoja cha unga. Zabibu iliyolowa hutengeneza shimo la unga mbichi kuizunguka. Ambayo haikulowekwa kabisa hunyonya maji ya mkate.

Tandaza donge mezani, nyunyiza, kunja kama bahasha mara tatu. Basi.

## Hatua ya 7: Kwenye makopo

Paka mikono mafuta ya kupikia. Gawa donge sehemu 4 kwa mizani, kama gramu 325 kila moja. Kila sehemu vuta kingo zake kuelekea chini mpaka juu pakazwe kama ngozi ya ngoma, kisha itumbukize kopo, upande laini juu.

Kopo lijae theluthi moja tu. Litaonekana tupu, na utajisikia kuongeza. Wanaojaza nusu ndio wanaonipigia simu kuuliza namna ya kusugua oveni.

## Hatua ya 8: Kuumuka mara ya pili

Funika kwa taulo jepesi, subiri donge lifike robo tatu ya kopo. Mara nyingi ni saa moja hadi moja na nusu.

Jaribu kwa kidole: bonyeza taratibu ubavuni mwa juu. Alama ikirudi haraka, bado. Ikirudi polepole na kubaki kovu dogo, ni wakati wake. Isiporudi kabisa, umechelewa; itie oveni mara moja uombe Mungu.

Hapa ndipo panapozaliwa zile picha mbili za mwanzo. Paska iliyowahishwa bado ina nguvu nyingi ndani, hupanuka ghafla ikipata moto na kupasua ubavu. Iliyocheleweshwa imekwisha kuchoka, hupanda kidogo kisha huingia kiuno.

## Hatua ya 9: Kuoka

Washa oveni nyuzi 170 dakika 20 kabla ya paska kuwa tayari. Weka trei ngazi ya chini, ili vichwa vya paska vifike katikati ya oveni.

Dakika 25 za kwanza mlango haufunguliwi, hata kwa kuchungulia. Kuta za mkate bado ni laini na hewa ya baridi huziangusha. Baada ya hapo, vichwa vikiwa vimepata rangi ya kahawia, vifunike kwa foili bila kuibana. Sukari na viini huunguza juu mapema wakati ndani bado.

Makopo ya ukubwa huu huchukua dakika 35 hadi 40. Ukitumia kopo kubwa linalobeba nusu ya donge, shusha joto hadi nyuzi 160 na uhesabu dakika 50 hadi 55.

Choma kijiti cha mshikaki katikati mpaka karibu na chini. Kitoke kikavu, mafuta kidogo si neno, unga unaonata ni neno. Mwenye kipimajoto asome nyuzi 92 hadi 94 katikati. Rangi ya juu isikudanganye: ile paska yenye unga mbichi ndani iliaminiwa kwa rangi yake.

Umeme ukikatika katikati ya kuoka, usifungue. Oveni iliyopata moto vizuri huweza kubeba dakika kadhaa, na umeme ukirudi upesi ongeza dakika 10 upime kwa kijiti. Ukikatika kabla hujaingiza, peleka makopo kwenye friji yenye ubaridi uliobaki ili kuumuka kupungue mwendo.

Kwa jiko la mkaa inawezekana, nimefanya: sufuria kubwa yenye mchanga sentimita mbili, makopo juu yake, mfuniko wenye makaa. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Vichwa vitaungua kidogo, lakini sukari nyeupe itavisitiri.

## Hatua ya 10: Kupoza, na usiisimamishe

Toa paska, ziache kwenye makopo dakika 10. Kisha zivute kwa ule ukanda wa karatasi na uzilaze ubavu juu ya mataulo yaliyokunjwa. Kule bibi alitumia mto wa kulalia. Kila dakika chache zibingirishe robo mzunguko, mpaka ziwe vuguvugu.

Sababu ni kwamba paska ya moto ni laini kama sponji iliyolowa. Ukiisimamisha, uzito wa kichwa unashuka juu ya kiuno, na mkate ulioiva vizuri unajikunja mbele ya macho yako. Hatua hii haihitaji ujuzi wowote na ndiyo inayorukwa zaidi.

## Hatua ya 11: Kofia ya sukari

Subiri zipoe kabisa, saa mbili. Ukianza kazi saa 1 asubuhi, usitegemee kufika hapa kabla ya saa 9 alasiri. Sukari ikimwagwa juu ya paska yenye joto hutiririka yote hadi mezani.

Koroga sukari ya unga na ute wa yai mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mzito, uanguke kutoka kijikoni kama utepe na kuchukua sekunde kadhaa kupotea. Mwagia kichwani, acha michirizi michache ishuke yenyewe, na nyunyiza vipambo papo hapo kabla sukari haijakauka.

Ute huo ni mbichi. Kama watakula watoto wadogo, mjamzito, mzee au mgonjwa, tumia maji ya limau badala yake. Kofia haitakuwa ngumu vilevile, lakini itakauka.

## Kukata na kutunza

Ukraine wengi huoka Alhamisi Kuu, na paska haiguswi mpaka ibarikiwe kanisani usiku wa kuamkia Pasaka au alfajiri yake, ikiwa kwenye kikapu pamoja na mayai yaliyopakwa rangi, siagi, soseji na chumvi. Kumbuka tu kwamba Pasaka yao ya Kiothodoksi mara nyingi huangukia tarehe tofauti na ya Wakatoliki na Walutheri. Mwaka 2025 zilikutana Aprili 20, mwaka 2026 ilikuwa Aprili 5 kwa Wakatoliki na Walutheri, na Aprili 12 kwa Waothodoksi. Waothodoksi wa Kenya, Uganda na Bukoba wanaijua hesabu hiyo.

Kukaa siku mbili kunaifaa. Siku ya kwanza inanukia mayai. Ya pili ladha zimeshikana. Ifunge kwa kitambaa kisha mfuko, nje ya friji, na kwa joto la pwani imalize ndani ya siku 3. Friji huifanya ngumu upesi, ila frizani inakaa mwezi, bila kofia ya sukari.

Mimi huikata kwa mviringo kuanzia chini, na kichwa chenye sukari nakirudisha kuwa kifuniko mpaka mwisho, maana nyumba ikiwa na watoto, kichwa ndicho kinachogombaniwa. Ukikata, tazama ndani: rangi ya njano, nyuzi ndefu zinazochanika kama pamba, zabibu zimetawanyika hadi juu. Zikiwa zote zimerundikana chini, rudi hatua ya 6, hukuzikausha.